Kinyago na Ushuhuda wa Kweli

Apitaye Karatu akipanda Ngorongoro huona maduka ya vinyago kando ya barabara. Nyuso ndefu za mti zimetundikwa ukutani, na mgeni huambiwa mara nyingi, "Hiki ni kinyago cha Kimasai." Lakini sisi wenyeji twajua ya kuwa Wamasai hawana desturi ya kuchonga vinyago vya kuvaa, wala Wairaqw hawana. Basi kazi ile yauzwa kwa jina lisilo lake. Wako Wakristo waogopao kinyago wakidhani ni cha shetani. Mimi naona hofu yetu ingefaa zaidi kuelekea uongo ule, maana tumeamriwa tusimshuhudie jirani yetu uongo.

Tukitaka kujua kinyago ni nini, tuwatazame Wamakonde. Kinyago chao cha ngoma, kiitwacho lipiko, huchongwa kwa mti mwepesi, kikafunika kichwa kama kofia, na mchezaji huona njia kwa tundu la kinywa. Mwili wake wote hufunikwa nguo ili asitambulike. Watoto waliotoka jandoni hupokewa kwa ngoma hiyo. Mti ule bila mchezaji, bila ngoma na bila watazamaji ni nusu ya kazi tu. Sasa chukua kile cha dukani, kizito, kisicho na nafasi ya kichwa. Nani aweza kukivaa? Kiliumbwa kwa ajili ya msumari wa ukutani.

Je, msanii asitengeneze jambo jipya kwa kufuata kinyago cha zamani? La, aweza. Picasso, mtu wa Hispania, alihamia Paris akakaa ugenini. Mwaka 1907 aliona vinyago vya Afrika katika makumbusho ya Trocadéro. Mwaka 1912 alitengeneza gitaa la karatasi ngumu, kamba na waya. Kahnweiler, rafiki yake aliyeuza picha zake, alieleza ya kuwa gitaa lile lilitokana na kinyago cha Wagrebo wa Afrika ya Magharibi. Katika kinyago kile macho, ambayo ni mashimo, yametokeza mbele kama vipande vya mwanzi. Naye Picasso akalifanya tundu la gitaa litokeze vivyo hivyo. Hakuiga uso, bali alijifunza akili ya fundi. Wala hakusema, "Tazameni, nimefanya kinyago." Hapo namsifu. Ila jina la fundi yule wa Kigrebo halikuandikwa popote, wala ngoma yake haikuulizwa, hapo simsifu.

Siku hizi wasanii wetu nao hualikwa Ulaya na Marekani kukaa miezi kadhaa wakichonga, na huko hukuta vinyago vya kwao ndani ya vioo. Wasisahau kuuliza vimefikaje. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kikaonekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, kikarudishwa mwaka 2010. Katika kioo uso huonekana, lakini ngoma haisikiki. Atakayechonga kwa kutazama kioo peke yake atarudia kosa la duka la barabarani, hata kama kazi yake itanunuliwa kwa fedha nyingi.

Kijana wa Karatu akialikwa huko, na aulize kwanza nani alikivaa, siku gani, mbele ya nani. Tena akumbuke ya kuwa nyumbani kwake hakuna kinyago, lakini iko sketi ya ngozi ya wasichana wa Kiiraqw, iliyoshonwa shanga kwa uvumilivu mwingi. Kwa nini aazime uso wa Mmakonde, na bibi yake amemwachia kitabu kizima cha shanga?

Wahenga walisema, kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kweli, lakini jina la uongo ulilokipa lafaa likutishe.