Jina la Mama: Mekatilili na Lugha ya Usawa wa Kijinsia katika Pwani ya Kilifi

Mwanamke anayejulikana katika historia ya Wagiriama kwa jina la Mekatilili wa Menza alipozaliwa aliitwa Mnyazi. Jina la pili lilitokana na uzazi: "Me" katika Kigiriama ni mama, na Katilili ni mwanawe. Hapana ajabu katika hilo, kwani Waswahili nao humwita mzazi kwa jina la mtoto, na hiyo ni heshima. Hata hivyo, jina nalo ni matini, na lastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote. Sanamu ya shujaa huyu ilizinduliwa mjini Malindi mwaka 2010, mwaka uleule ambao Wakenya waliipitisha Katiba mpya iliyoahidi usawa wa jinsia. Aliyeenziwa kwa sanamu hiyo aenziwa kwa jina la umama wake. Makala haya yadai kwamba umama huo ndio umekuwa mpaka wa usomaji wa Mekatilili, na kwamba mpaka huohuo waonekana katika lugha ya siasa za Kilifi.

Masimulizi yapendwayo zaidi juu yake ni yale ya kuku. Husimuliwa kwamba mwaka 1913, barazani mbele ya Arthur Champion, afisa wa Kiingereza aliyetumwa kwa Wagiriama kutafuta kodi na vibarua, Mekatilili alileta kuku na vifaranga vyake, akamtaka afisa huyo ashike kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa. Ndivyo watakavyofanya akina mama iwapo wana wao watachukuliwa. Tamathali hii ina nguvu, tena yasimulika kwa wepesi, na pengine ndiyo sababu haikosekani pindi shujaa huyu anapotajwa. Lakini kuku hupigana kwa silika. Hapangi, hashauriani na mwenziwe, wala haendi kijiji cha pili kueneza hoja yake.

Yaliyotendeka Kaya Fungo mwaka huohuo ni mambo ya namna nyingine kabisa. Mekatilili aliwakusanya watu kwa kifudu, ngoma ya mazishi, akaizungukia nchi ya Wagiriama, na hatimaye viapo viwili vikaliwa kayani: wanaume wakala kiapo cha fisi na wanawake wakala chao, mukushekushe, kwamba hawatashirikiana na utawala wa Kiingereza. Yafaa msomaji atue hapa kidogo. Katika jamii ambamo baraza la kaya lilikuwa la wazee wa kiume, wanawake walikuwa na kiapo chao wenyewe, chenye adhabu zake, na wakakitumia kwa shabaha ya kisiasa. Wakoloni walilielewa jambo hilo vizuri kuliko wengi wanaomsimulia leo. Walimkamata Mekatilili pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii, naye mwaka 1914 akatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti ya mwaka huo Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Serikali haisafirishi kuku hadi Kisii.

Mamlaka ya mama si jambo geni katika fasihi ya pwani. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni usia wa mama kwa binti yake, na utunzi huo umedumu kwa sababu hadhira ilikubali kwamba mama ana haki ya kunena. Ila haki hiyo ilikomea mlangoni. Mekatilili aliitoa nje hadi barazani, kisha masimulizi yakamrudisha ndani.

Katiba ya mwaka 2010 nayo ina lugha yake. Kifungu cha 27(8) chataka kusiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na viti 47 vya wawakilishi wa wanawake vikatengwa, kimoja kwa kila kaunti. Mwenye kiti hicho wananchi humwita "Mama Kaunti". Hakuna gavana aitwaye Baba Kaunti. Wa kiume huitwa kwa cheo, wa kike kwa uzazi, hata kama hakuzaa. Kuhusu theluthi mbili, Bunge halikutunga sheria ya kuitekeleza, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Wapigakura wa Malindi, kwa hakika, wameitangulia lugha yao. Aisha Jumwa, aliyechaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Kilifi mwaka 2013, alikiacha kiti hicho na mwaka 2017 akachaguliwa mbunge wa Malindi. Mwaka 2022 alipowania ugavana alishindwa, lakini kiti cha Malindi kilikwenda kwa mwanamke mwingine, Amina Mnyazi. Magavana wote wawili waliochaguliwa Kilifi, Amason Kingi mwaka 2013 na Gideon Mung'aro mwaka 2022, ni wanaume. Flora Chibule alichaguliwa kuwa naibu wa huyo wa pili. Maendeleo yapo, na si haki kuyabeza. Yamepatikana, hata hivyo, pale ambapo mwanamke aligombea kiti kisichokuwa na jina la mama.

Fasihi andishi ya pwani ilikwisha kulitambua suala hili kabla ya Katiba. Katika Kilio cha Haki (1981), tamthilia ya Alamin Mazrui, Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi, na miongoni mwa hoja anazokabiliana nazo ni kwamba yeye ni mwanamke. Uongozi wake hautokani na uzazi. Watokana na uchambuzi wa hali ya kazi. Kwa jambo hili Lanina yu karibu zaidi na Mekatilili wa Kaya Fungo kuliko yule wa kuku. Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982.

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mwandishi mzaliwa wa Kilifi, yaenda mbali zaidi kimaudhui ila yapungukiwa kifani. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anajikuta katika nchi ya walio sawa, na Mtu-Binti ndiye anayemfundisha kuielewa. Hata jina limegeuzwa: utu umetangulizwa mbele ya ubinti. Lakini Dzombo anaukuta usawa umekwisha kusimama. Mapambano ya kuuleta yanamfikia msomaji kama habari za waliotangulia, si kama tukio analolishuhudia, na kwa hiyo hapati kumwona mwanamume wa nchi ile siku alipotakiwa kuondoka kwenye kiti.