Alvin Lucier: Chumba Kinapomeza Sauti ya Mtu

Sisi wa upande wa sayansi humsifu Alvin Lucier (1931–2021) kwa kusema kwamba mtunzi huyu Mmarekani alipeleka majaribio ya fizikia jukwaani. Ni kweli, ila ukiishia hapo utamu wenyewe umekupita.

Chukua kazi yake maarufu, I Am Sitting in a Room, ya 1969. Lucier anasoma aya fupi na kujirekodi, kisha anaicheza rekodi kwenye spika chumbani na kuirekodi upya. Halafu tena, na tena. Mawimbi ya sauti hugonga kuta na kurudi, na yale ambayo urefu wake unaoana na vipimo vya chumba hupeana nguvu. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 4, la chini kabisa ni la hezi 43 hivi. Kila mzunguko mawimbi hayo yanazidi kukua, mengine yanafifia. Mwishoni maneno yote yameyeyuka, umebaki mvumo tu, kama kengele za mbali.

Sasa, mwalimu wa fizikia angeonyesha jambo hilo kwa dakika 5, tena bila maneno: kupiga makofi kunatosha. Kwa nini rekodi iliyotoka 1981 inachukua kama dakika 45? Kwa sababu Lucier alikuwa na kigugumizi, na kwenye aya ile anagusia jambo hilo waziwazi. Tunamsikia akikwama. Chumba kinamfutia kigugumizi kidogo kidogo, lakini kinamfuta na yeye mwenyewe. Kwa fizikia, nani anaongea si hoja. Kwa msikilizaji, hiyo ndiyo hoja yenyewe.

Hata mwaka 1965, katika Music for Solo Performer, mtu alikuwa katikati. Mpigaji anakaa kimya na vihisio kichwani. Mawimbi ya alfa ya ubongo, hezi 8 hadi 12 hivi, yako chini mno kwa sikio, basi yanakuzwa na kutetemesha spika, nazo zinatikisa ngoma. Ugumu wake ni mmoja: ili ngoma zilie, lazima atulie kweli. Akihangaika, alfa inapotea.

Ndiyo maana Crossings (1982) inanipa shida. Sauti ya mashine inapanda polepole kupita noti za okestra, na pale zinapokaribiana tunasikia midundo: hezi 440 na 442 hutoa midundo 2 kwa sekunde. Ni safi na sahihi, lakini ukishaielewa, sikio halina tena cha kusubiri. Hapo fizikia imebaki peke yake.

Anza na ile ya 1969, na usivae spika za masikioni. Tumia spika ya kawaida, ili chumba chako nacho kiongeze mzunguko mmoja.