Fundi wa Mwaloni

Watalii wengi wanaotoka Mwanza hukunja kulia kwenye lango la Ndabaka, wakatokomea Serengeti, na Mkoa wa Mara kwao umekwisha hapo. Sisi wenyeji nasi tuna haraka zetu: tunapanda gari Bunda, tunasinzia, tunashtukia tumefika stendi ya Musoma. Nchi ya mwambao, kuanzia Kigera kupita Mugango mpaka Majita, barabara imeipa kisogo. Anayetaka kuiona sharti aingie majini, tena kwa mtumbwi wa tanga, na amshukuru fundi aliyeuunda.

Mwaloni upande wa Kigera nilikaa kumtazama mzee mmoja akikalafati mtumbwi uliopinduliwa kivulini. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho. Alichukua pamba, akaichovya kwenye mafuta, akaisokota juu ya paja mpaka ikawa nene kama kidole cha mtoto, akailaza kwenye mwanya kati ya mbao mbili. Kisha patasi butu na nyundo. Hakuwa anapiga kwa nguvu, alikuwa anasikiliza. Pamba ikiwa haijashiba, mlio ni mzito, umekufa. Ikishiba, ubao unajibu kwa mlio mkavu, na hapo ndipo mzee anasogea mbele kidogo. Palipomtia shaka aling'oa pamba yote akaanza upya, ingawa mwenye mtumbwi alikuwa amesimama pale akichungulia saa kwenye simu yake.

"Mwanangu," alimwambia, "usiku ukiwa huko Rukuba, upepo umechafuka, utanikumbuka. Sitaki unikumbuke kwa ubaya."

Upepo wa Ziwa Victoria una ratiba yake. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unatoka bara, na alfajiri unawasukuma wavuvi nje. Mchana nchi inapata joto, upepo unageuka na kuwarudisha. Mwenye tanga hana budi kuufuata, na katika kuungoja ndipo anapata kuona: mawe makubwa ya Musoma yamebebana ukingoni, minandi wametandaza mbawa juu yake zikauke, akina mama wanageuza dagaa juani, mihogo imeshuka mpaka karibu na maji. Kisiwa cha Rukuba kinajitokeza taratibu, kwanza kilima, halafu miti, halafu mabati ya nyumba. Kwa injini vyote hivyo vinapita pamoja na kelele zake.

Mwaka 1875 mpelelezi Stanley alipita mwambao huu akilizunguka ziwa kwa Lady Alice, mashua iliyoundwa Uingereza na kuletwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Jina la mashua ile limehifadhiwa. Mafundi wa mitumbwi aliyopishana nayo hatuna jina lao hata moja, na ni wao walioyajua maji haya.

Injini siilaumu. Mvuvi anayewahi kuuza sangara kabla hajaharibika ana watoto wa kulisha. Ninacholaumu ni ulegevu ulioandamana nayo. Mvule umeadimika, basi zinanunuliwa mbao za miti michanga, mbichi bado, zinapigiliwa misumari wiki hiyohiyo. Zikishakauka juani mianya inafunguka, na kijana anakaa nyuma na dumu lililokatwa, akichota maji njia nzima. Mtumbwi ukizama watu husema ni upepo. Hakuna anayeuliza ubao ule ulikatwa lini, wala nani aliuziba. Sasa zinakuja boti za faiba, zimetoka kiwandani tayari, na fundi wa pamba hana la kuzifanyia.

Mzee wa Kigera alikuwa na kijana wa kumshikia mbao. Ameacha; anaendesha bodaboda mjini, na wazazi wake wameona afadhali, maana kila jioni anarudi na hela mkononi. Siwezi kuwalaumu wazazi wale. Lakini vyuo vya kufundisha vijana kuunda makabati na vitanda tunavyo, na tunavijenga vingine. Cha kumkalisha kijana kando ya mzee kama yule, ajifunze kuusikia mlio wa pamba iliyoshiba, sijakiona, wala sijamsikia kiongozi yeyote akikidai kwenye mkutano wa hadhara.