Kulabu za Programu ya Kati na Lugha ya Huduma za Mtandaoni: Uhakiki kutoka Nateete, Kampala

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wake. Hata hivyo, mkazi wa Nateete anapofungua huduma ya mtandaoni, lugha anayojibiwa haiamuliwi na Ibara ya 6. Huamuliwa na mistari michache ya msimbo inayokaa baina ya seva na ukurasa, yaani programu ya kati. Makala haya yanahakiki mistari hiyo kama ilivyo katika Django, kiunzi kilichotolewa kwa umma mwaka huohuo wa 2005.

Katika Django, ombi hupita tabaka baada ya tabaka kutoka juu ya orodha kwenda chini, na jibu hurudi kwa mpangilio wa kinyume. Tangu toleo la 1.10 la mwaka 2016, kuunda tabaka ni kazi nyepesi: fankisheni hutenda jambo moja kabla ya kuliachia ombi liendelee, na jingine jibu linaporejea. Mahali hapo pa kuingilia ndipo panapoitwa hapa kulabu. Neno ndoano halifai, kwani ndoano humtoa samaki majini, ilhali ombi halitolewi njiani. Hutundikwa kitu, kisha hupita.

Tabaka linalohusika na lugha, LocaleMiddleware, hutazama kwanza kiambishi cha lugha katika anwani ya ukurasa, pale kinapotumika, kisha kuki, kisha kichwa cha Accept-Language kinachotumwa na kivinjari, na mwisho lugha ya msingi ya mfumo. Utaratibu huu una sifa moja ambayo wapangaji wa sera huipuuza: haubahatishi lugha ya mtu kwa mahali alipo. Nateete, penye soko na barabara ya kwenda Masaka, si mtaa wa lugha moja, na mfumo ambao ungemhesabu kila aliyepo pale kuwa msemaji wa Kiganda ungekosea kila siku.

Kasoro iko katika hatua ya tatu. Django huchukua kichwa cha Accept-Language kama matakwa ya mtumiaji, ilhali mara nyingi ni mpangilio wa kifaa tu. Chukuliwe mfano wa mchuuzi aliyenunua simu ikiwa imewekewa Kiingereza na hajawahi kufungua mipangilio yake. Kila ombi lake hutamka Kiingereza kwa niaba yake. Huduma inaweza kuwa na tafsiri kamili ya Kiswahili, na mchuuzi asiione kamwe. Kimya chake kimehesabiwa kuwa chaguo.

Nateete palikuwa na mashine ya kuchapia ya Alexander Mackay, mmishonari aliyefika Buganda mwaka 1878, na maandiko ya Kiswahili yalitangulia yale ya Kiganda katika mafunzo yake. Pale msomaji aliweza kumwona anayepanga herufi na kubishana naye kuhusu lugha. Mpangaji wa leo haonekani.

Tiba yake ni kulabu nyingine. Tabaka jipya linaweza kuwekwa chini ya lile la lugha na lile la utambulisho, likauliza: je, mtumiaji huyu amewahi kuchagua? Ikiwa akaunti yake ina lugha iliyohifadhiwa, lugha hiyo huwashwa, na jibu linaporejea LocaleMiddleware huitangaza katika kichwa cha Content-Language. Ikiwa hana, tabaka halibadili lugha. Huacha alama katika ombi ili ukurasa wa kwanza uonyeshe chaguo waziwazi. Mahali pa kuliweka si suala la mapambo. Likikaa juu ya tabaka la utambulisho, litamtafuta mtumiaji ambaye bado hajatambuliwa, na huduma nzima itakwama kwa hitilafu.

Upo ushawishi wa kutumia kulabu hiyohiyo kulazimisha Kiswahili kwa kila ombi, kwa jina la Katiba. Huo ni ushauri mbaya. Katika Buganda Kiswahili bado kinabeba kumbukumbu za jeshi na amri. Kukiingiza kwa kificho, bila mtumiaji kuulizwa, ni kurudia kosa la Accept-Language kwa lugha nyingine. Aidha, mtu ambaye kivinjari chake kinataja Kiganda kwanza na Kiingereza pili, katika huduma yenye Kiswahili na Kiingereza pekee, atapewa Kiingereza. Django haikosei hapo: imetii orodha. Iwapo Kiswahili kingemfaa zaidi ni swali analoweza kulijibu yeye mwenyewe, akiulizwa.

Menyu za USSD, zinazotumika hata kwenye simu ndogo isiyo na kivinjari, hazina Accept-Language kabisa. Ombi huja na namba ya simu na tarakimu zilizobonyezwa. Huko, skrini ya kwanza isipouliza lugha, hakuna tabaka la chini litakaloijua.