Vijiko Viwili vya Maji Gotini

Goti lililoumia huulizwa kabla ya kuguswa. Mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua kazi yake humlaza mgonjwa, akavuta kiti, akakaa, na swali lake la kwanza si "panauma wapi?" Huuliza: "Lilivimba saa ngapi?" Kijana aliyeumia kwenye mechi ya ndondo Jumamosi jioni huliona swali la ajabu. Goti si hilo hapo, limejaa? Lakini goti lililovimba ndani ya saa mbili tatu, mchezaji hata hajafika nyumbani, mara nyingi limejaa damu, na damu gotini humfanya mtaalamu aifikirie kwanza kano msalaba ya mbele, ile ambayo washabiki wa mpira wanaiita ACL. Goti lililolala salama likaamka limevimba lina kesi nyingine. Hapo mawazo huenda kwenye gegedu. Huja swali la pili, "Ulisikia mlio?", na la tatu, "Kuna mtu alikugusa?" Wengi waliokatika kano hiyo hawakuguswa na yeyote. Walikanyaga, wakageuka, kiwiliwili kikaenda na mguu ukabaki, ndani ya goti pakalia "paa!"

Nimekuwa nikiwatazama watu hawa kazini kwa muda mrefu, kwanza kwa sababu ya ndugu, kisha kwa udadisi tu. Wagonjwa huwaita madaktari wa mazoezi, jina linalowapunja, kwa kuwa mtu husikia "mazoezi" akafikiri ni kuhesabu moja mbili tatu. Ufundi wao ni wa kiasi: kujua leo goti hili linaweza kubeba nini, si zaidi, na hasa si pungufu.

Umbo la goti lenyewe linatia shaka. Mfupa wa paja unaishia kwa vichwa viwili vya mviringo, na mfupa wa muundi unaupokea kwa uso ulio karibu bapa. Mviringo juu ya bapa hauna sababu ya kutulia. Kinachoutuliza ni vipande viwili vya gegedu vya umbo la mwezi mchanga vilivyokaa kati ya mifupa hiyo, vikifanya kazi ile ile ya ngata kichwani kwa mchota maji. Kisha kuna kano nne, mbili za pembeni na mbili zinazopishana katikati, na mbele kabisa kilegesambwa, kinachopitisha nguvu za misuli ya paja kwenda kwenye muundi. Zaidi ya hapo goti halina kuta. Uimara wake mwingi unatoka nje yake, kwenye misuli, na ndiyo maana mwenye kuitengeneza misuli ana la kufanya hata pale kano ilipokatika.

Sasa mikono. Kipimo cha Lachman kilielezwa mwaka 1976 na Joseph Torg na wenzake, wakakipa jina la John Lachman wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia. Goti hukunjwa kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja unashika paja juu ya goti, wa pili unaukamata muundi kwa nyuma, dole gumba likiwa mbele juu ya mfupa. Halafu muundi unavutwa kuja mbele, mara moja, bila ghasia. Wanafunzi hudhani kinachotafutwa ni umbali. Umbali upo, lakini fundi anasikiliza mwisho wa safari. Kano nzima inakomesha mwendo ghafla, tap, hata mtazamaji anauona mkono ukisimama. Kano iliyokatika haina pa kukoma. Mfupa unakuja laini, unaendelea kuja, kisha unachoka tu. Mguu mzima hupimwa kwanza, kwa kuwa wapo watu ambao Mungu amewaumba na magoti legevu na hawajawahi kuumia.

Tatizo ni kwamba mgonjwa anaogopa, na mwenye hofu hukaza misuli ya nyuma ya paja, nayo huushikilia muundi kwa nguvu kuliko kano yoyote. Mtaalamu mmoja niliyemtazama, mama wa makamo aliyesomea KCMC Moshi, hamwambii mtu "legeza". Amri hiyo, anasema, ndiyo inayokaza. Anamchokoza kuhusu Simba na Yanga. Kijana anaanza kujitetea, anainua kidole kutaja penalti aliyonyimwa, paja linalainika, na hapo hapo mkono unavuta. Kijana hata hakujua kwamba amekwisha kupimwa. Alikuwa amekuja na picha za MRI kwenye bahasha kubwa. Mama yule aliziweka mezani, akazitazama baadaye, na sikuona uso wake ukibadilika alipozitazama.

Kipimo kinachonivutia zaidi ni kingine, kidogo, ambacho hakuna mshabiki anayekijua. Mgonjwa amelala, goti limenyooka. Kiganja kinapita upande wa ndani wa goti kutoka chini kwenda juu, mara mbili tatu, kikisukuma majimaji yaliyo ndani yaelekee pajani. Upande wa ndani wa kilegesambwa panabaki kijishimo. Kisha mkono unahamia upande wa nje na kuteremka, pole, kutoka juu kwenda chini. Ukitazama kile kijishimo kwa makini, kama kuna maji, kinajaa chenyewe. Ngozi inainuka kidogo na kutulia. Kama hakuna, hakitokei kitu. Ni jambo la sekunde nne, na mtaalamu yule hulifanya kila mgonjwa wake anaporudi, hata yule anayekuja mara tatu kwa wiki.

Sababu yake ni hii. Watafiti waliwahi kuwadunga watu wazima wenye magoti mazima maji ya chumvi safi, kidogo kidogo, huku wakipima mwitikio wa misuli ya mbele ya paja. Mililita 20 hadi 30, yaani kama vijiko viwili vya chakula, zilitosha kuuzimisha kwa sehemu msuli wa upande wa ndani. Hakukuwa na jeraha wala maumivu ya kusema. Kule kujaa tu kunatuma taarifa kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unapunguza amri inayokwenda kwa msuli. Kwa hiyo mtu aliyeumia goti anapoona paja lake linanywea wiki hadi wiki, na ndugu wanamwambia amedeka, ukweli ni kwamba msuli hauamrishwi. Vijiko viwili vimeufungia mlango.

Basi hatua ya kwanza yote ni kupunguza maji, kuamsha msuli na kulinyoosha goti mpaka mwisho. Hilo la kunyoosha watu hulidharau, kwa sababu kila mgonjwa anahangaikia kukunja: kuchuchumaa, kupiga magoti msikitini au kanisani, kupanda bodaboda. Lakini goti lisilonyooka kabisa huchechemesha kila hatua, na huharibika likitunzwa kwa upendo. Nyumbani mama au mke huweka mto laini chini ya goti ili mgonjwa apumzike. Goti hulipenda sana pozi hilo, likabaki limekunjika. Mtaalamu huuondoa mto, akaviringisha taulo na kuliweka chini ya kisigino. Goti sasa linaning'inia hewani.

"Haya, lisukume chini. Kama unataka kuligusisha kitanda."

Mgonjwa anakunja uso, anasukuma, na paja limelala vilevile. Ni jambo la kufedhehesha kutazama mguu wako mwenyewe ukikukatalia.

"Dokta, nasukuma lakini halisikii."

"Litasikia, mdogo wangu. Sukuma yote mawili kwa pamoja."

Anaweka vidole viwili juu ya kilegesambwa, upande wa ndani, anagonga msuli taratibu kuuonyesha mahali ulipo. Mguu mzima unakaza. Halafu, kwa mara ya kwanza, chini ya vile vidole, kitu kinatikisika upande ulioumia. Mama yule hasemi hongera. Anasema, "Tena."

Ukianza kuinua vyuma baada ya hapo, unamrithi mtu mmoja bila kujua. Mwaka 1945, daktari Thomas DeLorme alichapisha habari za askari aliowatibu katika hospitali ya kijeshi ya Gardiner, Chicago, wengi wao wakiwa na magoti mabovu. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa uzito mwepesi warudie na kurudia. DeLorme, aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi ujanani na kuambiwa asijichoshe, alikuwa amejijenga mwenyewe kwa vyuma, naye akawafungia askari viatu vya chuma miguuni, akawaongezea uzito kadiri walivyopata nguvu. Mwanzoni walifanya seti saba hadi kumi za mara 10. Mwaka 1948, yeye na Arthur Watkins wakaona zinatosha seti 3. Kila kijana anayefanya "tatu za kumi" kwenye jimu ya mtaani, kioo kikiwa na ufa na redio imefunguliwa juu, anafuata hesabu iliyotokana kwa kiasi kikubwa na magoti ya askari wale.

Uzito ukiongezwa, nani anajua kama umezidi? Mgonjwa wakati ule hajui. Mwili ukipata moto unadanganya. Jibu linakuja kesho yake asubuhi. Kama goti limejaa kuliko jana, basi dozi ya jana ilikuwa kubwa, na inapunguzwa. Kama halikujaa, inaongezwa. Ndiyo maana kile kijishimo kinatazamwa kila mara. Sipendi kabisa msemo wa makocha kwamba bila kulia hakuna kupona; umewarudisha wengi nyuma. Ila uoga nao unaharibu vilevile, na umepewa heshima kubwa mno. Hata barafu na mapumziko, mbili kati ya zile amri nne za kutunza jeraha zilizoenezwa na daktari Gabe Mirkin kwa kitabu chake cha mwaka 1978, mwenyewe alizirekebisha mwaka 2014, akaandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha uponaji.

Chini ya goti kazi hubadilika sura. Mkimbiaji anayelalamika muundi hupitishiwa dole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka juu kuteremka kifundoni, sentimita kwa sentimita. Maumivu yakitawanyika kwa urefu wa sentimita 5 au zaidi, mara nyingi ni mfupa uliochoshwa na mbio zilizoongezwa haraka. Yakiwa mahali pamoja tu, unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, fundi anaanza kuhofia ufa na kumsimamisha mtu kukimbia. Na liko shavu la mguu lililovimba, lenye joto, la mtu aliyetoka kufunguliwa hogo. Hilo halichuliwi. Huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na mkono wenye nguvu unaweza kuipeleka mapafuni. Nasema hivi bila kuwadharau wachuaji wa mtaani. Taaluma yenyewe ya fiziotherapia nchini Uingereza ilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne waliounda chama cha wachuaji. Tofauti ni kujua lini mikono irudi mfukoni na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kano ya kisigino ina kisa chake. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa huko Umeå, Sweden, aliumwa na kano hiyo kwa muda mrefu, akaomba apasuliwe, mkuu wake akakataa. Amesimulia kwamba aliamua kuizidishia mzigo ili iharibike kabisa, akatwe. Akawa anasimama ukingoni mwa ngazi na kukishusha kisigino taratibu, tena na tena, kwa uzito. Kano ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha utaratibu huo: kushuka mara 180 kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Mimi huupenda kwa sababu hauhitaji kitu isipokuwa ngazi, na mtu mwenye moyo wa kurudia.

Kuhusu kisu, mabishano ni mengi na sitayamaliza hapa. Itoshe kusema kwamba mwaka 2010 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya vijana 121 waliokatika kano msalaba ya mbele. Waliopasuliwa mapema na kufanya mazoezi, na walioanza na mazoezi wakiachiwa nafasi ya kupasuliwa baadaye, hawakutofautiana baada ya miaka miwili. Katika kundi hilo la pili lenye watu 59, waliokuja kupasuliwa ni 23. Aliyepasuliwa ana mtihani wa ziada. Kano aliyopandikiziwa hudhoofika kwanza ndipo iimarike, na udhaifu huo huangukia miezi ambayo goti halimuumi tena na yeye anajiona mzima. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri kabla ya kurudi mchezoni, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu.

Kusubiri huko si kukaa. Nilimwona binti wa netiboli akifika kwa ajili ya ruhusa yake. Futi ya fundi cherehani ilitandikwa sakafuni na kubandikwa plasta. Akaruka kwa mguu mmoja na kutua kwa huo huo, bila kuyumba: mguu mzima mita 1.45, mguu uliopasuliwa mita 1.40. Akapiga makofi mwenyewe. Zaidi ya asilimia 96, na kinachotakiwa ni 90.

Mama yule akafungua kadi yake ya kwanza, ile ya kabla ya upasuaji. Alikuwa ameupima mguu mzima wakati ule, ukaruka mita 1.60. Miezi yote ya kuuguza mguu mmoja ilikuwa imeudhoofisha na wa pili, na sasa ile miwili ilikuwa inalingana kwa unyonge. Mita 1.40 kwa 1.60 haifiki hata asilimia 88.

"Kwa hiyo, dokta?"

"Kwa hiyo Jumatatu tunaanza kuitengeneza yote miwili."