Heko Wavuvi wa Ndoano wa Kachibora

Wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia husifiwa kila msimu. Leo nawapongeza wavuvi wa ndoano wa Kachibora, wanaokaa kwenye kingo za mito inayoteremka kutoka milima ya Cherangani kuingia Mto Nzoia.

Vifaa vyao ni vichache: fimbo, mshipi, ndoano, na mkebe wa nyungunyungu waliofunikwa udongo mbichi. Kinachowatajirisha ni mazungumzo.

"Mzee, maji ya huko juu vipi?"

"Yamekuwa mekundu tangu jana, kijana wangu. Sogea pale yanapotulia. Na yule mbwa wako amepona mguu?"

"Amepona, ila sasa anakula chambo!"

Kicheko kikiisha, huulizana ng'ombe wa nani amezaa, karo imelipwa vipi, na mtoto ameitwa shule gani. Mshipi ukitikisika, wote hunyamaza. Kambare akitolewa, hupigapiga mkia nyasini kwa muda mrefu, kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa nje ya maji.

Hawa ndio walinzi wa mto wasiolipwa. Rangi ya maji ikibadilika au samaki wakipungua, wao hugundua mapema, na maji hayohayo hupita Trans Nzoia na Bungoma hadi Budalang'i na Ziwa Victoria. Viongozi wa kaunti, mnapopanga kulinda Nzoia, waiteni wavuvi hawa kikaoni na muwasikilize.