Kodi, Mtaji na Mawe: Uchumi wa Ughaibu katika Adili na Nduguze

Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert husomwa aghalabu kama kisa cha husuda na msamaha. Usomaji huo ni sahihi, lakini unapuuza kwamba kisa chenyewe kinaanzishwa na hesabu. Kodi ya Janibu haijafika katika hazina ya Rai, mfalme wa Ughaibu, na mjumbe anayetumwa kuifuatilia ndiye anayeigundua siri ya Adili na manyani wake wawili. Mwandishi, aliyekuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, alijua vyema kuwa pengo katika daftari huweza kuficha pengo katika maisha ya watu.

Mantiki hiyo inaendelea katika masimulizi ya Adili. Hasidi na Mwivu wanapopoteza mtaji wao safarini, Adili anawagawia fungu lake. Katika mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe, mali ipo, ila hakuna wa kuuza wala kununua. Thamani, basi, haimo katika dhahabu bali katika uhusiano wa watu, na uhusiano huo ndio husuda inaouvunja.

Hata hivyo, uchumi huu una upofu wake. Wema wa watawala unaelezwa kwa kirefu, ilhali sauti ya mlipa kodi haisikiki. Katika Tanganyika ya kikoloni, ambako kodi ya kichwa ilikuwa mzigo wa kila mwaka, ukimya huo haukuwa jambo dogo. Hazina ya Ughaibu inahesabiwa. Jasho lililoijaza halihesabiwi.